Barua ya wazi kwa kamati ya uteuzi ya Rock and Roll Hall of Fame: The Pretty Things wamengoja vya kutosha

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Uteuzi,
Rock and Roll Hall of Fame,
Cleveland, Ohio,
Marekani.

Waheshimiwa,

YAH: KUACHWA KWA BENDI YA THE PRETTY THINGS KATIKA ORODHA YA WATEULIWA

Kwa heshima na taadhima naomba kuwasilisha kwenu, mbele ya kadamnasi, malalamiko ambayo mashabiki wa The Pretty Things wameyasema pembeni kwa muda mrefu bila mafanikio. Kanuni ya Ukumbi wenu wa kuwaenzi wanamuziki wa roki inajulikana: msanii anastahili kufikiriwa pindi inapotimia miaka 25 tangu rekodi yake ya kwanza iingie sokoni. Bendi hii ya roki ya Sidcup, Kent, Uingereza, ilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1964. Maana yake, tangu 1989 hakuna kanuni inayowazuia. Muda wote huo jina lao halijafika hata mara moja kwenye karatasi ya kura. Laiti wangepigiwa kura wakashindwa, tungeugulia kwetu tukanyamaza. Hawajawahi kushindwa, kwa kuwa hawajawahi kupelekwa mbele ya wapiga kura.

Naandika hadharani kwa sababu njia nyingine hatuioni. Mashabiki mnaturuhusu kupiga kura, na kwa hilo tunashukuru, lakini kura yetu huanza baada ya ninyi kutoa orodha. Asiyekuwemo kwenye orodha hana pa kupigiwa. Hata kwa waliomo, kura za mashabiki wa dunia nzima hujumlishwa zikawa kama karatasi ya mpiga kura mmoja, ikawekwa pamoja na karatasi za wapiga kura wenu wanaozidi elfu moja. Basi mwenye funguo ni kamati ya uteuzi, na ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoutafakari muziki kwayo. Bendi hii ina wapenzi mbali sana na Kent, wengi wetu tukiwa tumezaliwa miaka mingi baada ya nyimbo hizi kurekodiwa. Hatukuletewa na chati wala na matangazo. Tulizifuata wenyewe: jina tulilolisoma nyuma ya jalada la msanii mwingine, santuri moja ikatupeleka kwenye nyingine, hadi tukafika. Mapenzi yaliyopatikana kwa taabu hiyo hayaishi kirahisi, na ndiyo yaliyoniketisha kuandika.

Naziweka hoja zetu kwa namba ili zijibike moja moja.

1. Wametoka chimbuko moja na wale mliokwisha kuwatukuza.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini Dick Taylor, mmoja wa waanzilishi wa The Pretty Things, alikuwa akipiga blues na vijana wenzake wawili kutoka Dartford, Mick Jagger na Keith Richards, katika kikundi walichokiita Little Boy Blue and the Blue Boys. Tarehe 12 Julai 1962, The Rolling Stones walipopanda jukwaani kwa jina hilo kwa mara ya kwanza, katika klabu ya Marquee mjini London, aliyeshika besi alikuwa Taylor. Miezi michache baadaye akaondoka ili aendelee na masomo ya sanaa, na nafasi yake ikachukuliwa na Bill Wyman. Mwaka 1963, kutoka chuo cha sanaa cha Sidcup, Taylor akarudi kwenye gitaa lake na kuunda bendi mpya pamoja na mwimbaji Phil May, kijana mwenye nywele ndefu kiasi cha kuwafanya watu wageuke barabarani. Jina wakalichukua kwenye wimbo wa Bo Diddley, mwanamuziki wa Marekani.

Bo Diddley mlimwingiza 1987. The Rolling Stones wakaingia 1989, The Kinks na The Who 1990, The Yardbirds 1992, The Animals 1994, The Hollies 2010. Sina ugomvi na jina hata moja kati ya hayo. Nyumbani kwangu zote hizo zinapigwa. Lakini mtu akiisimulia London ya 1964 kwa kuwataja hao wote akawaruka The Pretty Things, amewaruka waliokuwa wakali kuliko wenzao.

Isikilizeni tena "Rosalyn," santuri yao ya kwanza. Haifiki dakika mbili na nusu. Mdundo ni ule wa Bo Diddley, ila umeharakishwa hadi unakaribia kuanguka, gitaa linateleza juu yake, na sauti ya May inaingia ikiwa imeshakwaruza tangu neno la kwanza, bila hata kupasha moto. Wengi wa wenzao wa wakati ule waliziimba blues za Marekani kwa adabu ya mwanafunzi anayemwiga mwalimu. Hawa walizichukua wakazifanya zao. Mtu anayetaka kujua muziki wa vijana wa gereji wa miaka iliyofuata, na hata fujo ya panki ya miaka ya sabini, ulianza kunukia wapi, aanzie kwenye dakika hizo mbili.

Wala hawakuwa wasindikizaji. Mwaka huohuo wa 1964 "Don't Bring Me Down" ilifika namba 10 katika chati ya Uingereza. Mwaka 1965 "Honey I Need" ikafika namba 13, na albamu yao ya kwanza ikafika namba 6. Hizo ni takwimu za bendi iliyokuwa mezani na wakubwa.

2. Mashahidi wao wamo ndani ya Ukumbi wenu.

Mwaka 1973 David Bowie alitoa albamu ya Pin Ups, nyimbo 12 za bendi alizokuwa akizifuata ujanani London. Albamu inafunguliwa na "Rosalyn." Baadaye inakuja "Don't Bring Me Down." Nyimbo mbili, sawa kabisa na alizowapa The Who na The Yardbirds; The Kinks na Pink Floyd aliwapa mmoja mmoja. Bowie mlimwingiza 1996. The Who wamo, The Yardbirds wamo, The Kinks wamo, Pink Floyd wamo. Ikiwa mnauamini uamuzi wa Bowie kiasi cha kumpa heshima hiyo, mbona katika jambo hili hamkumsikiliza?

Mwaka 1974, Led Zeppelin walipoanzisha lebo yao ya Swan Song, The Pretty Things walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kusainiwa. Albamu ya Silk Torpedo ikatoka chini ya lebo hiyo mwaka huohuo, Savage Eye 1976. Led Zeppelin mliwaingiza 1995. Mwaka 1998 bendi iliporudi studio ya Abbey Road kuipiga albamu yao ya 1968, S.F. Sorrow, yote kwa mpigo mmoja na kuirusha moja kwa moja kwenye intaneti, aliyekuja kuwasaidia gitaa alikuwa David Gilmour wa Pink Floyd. Alirudi tena Desemba 2018 kwenye onyesho lao la kuaga London, na safari hii mwimbaji Van Morrison naye alikuwepo jukwaani. Watu hawa hawakuwa na shida ya kutafuta jina kwa kusimama na The Pretty Things. Walikuja kulipa deni.

3. Walifanya jambo ambalo muziki wa roki ulikuwa haujalifikisha pale.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa barua yangu.

Kuanzia Novemba 1967 hadi Septemba 1968, The Pretty Things walikuwa wakirekodi katika studio za EMI, Abbey Road, chini ya mtayarishaji Norman Smith. Smith ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa The Beatles hadi 1965, kisha akaitayarisha albamu ya kwanza ya Pink Floyd. Kwa miezi kadhaa ya 1968 The Beatles wenyewe walikuwa jengo hilohilo wakirekodi albamu yao nyeupe. Wally Waller na Jon Povey walikuwa wamejiunga, wakaleta sauti za kuitikiana ambazo bendi ya zamani haikuwa nazo. Mpiga ngoma Skip Alan akaondoka katikati ya kazi, Twink akaimalizia. Fedha zilikuwa chache, hadi wakawa wanarekodi muziki wa akiba wa kutumiwa kwenye filamu kwa jina la Electric Banana ili mambo yaende. Katika hali hiyo wakatengeneza S.F. Sorrow, albamu nzima inayosimulia maisha ya mtu mmoja, tangu kuzaliwa hadi uzee, ikitokana na hadithi aliyoiandika Phil May. May ndiye aliyechora hata picha ya jalada.

Mtu huyo ni Sebastian F. Sorrow. Anazaliwa katika mji mdogo wa kawaida, anaingia kiwandani, anapenda, anapelekwa vitani. Vita vikiisha anahamia Marekani, na mchumba wake anamfuata kwa chombo cha angani, ambacho kinashika moto mbele ya macho yake. Kuanzia hapo anaingia ndani ya nafsi yake, anaongozwa na kiumbe wa kutisha aitwaye Baron Saturday, na anatoka huko akiwa hamwamini tena mtu yeyote. Wimbo wa mwisho ni gitaa na sauti, haufiki hata dakika mbili, na hauna faraja ndani yake. Waliokuwa wakitengeneza muziki London mwaka ule, wengi walikuwa wanauza maua na rangi. Hawa walichukua ala zilezile za wenzao, sitar na kinanda cha Mellotron, wakasimulia mtu anayezeeka peke yake.

Nataka kusimama kwenye wimbo mmoja, "Private Sorrow." Filimbi inacheza kama ya gwaride, ngoma ya kijeshi inafuata, na melodia ni nyepesi kiasi kwamba mara ya kwanza unaweza kuipita bila kuona kilichomo. Kisha, kuelekea mwisho, muziki unaendelea na sauti ya mtu inaanza kusoma majina. Inasoma jina baada ya jina, bila hisia, kwa sauti ya karani. Ni orodha ya waliopotea vitani. Hakuna kinachoelezwa, wimbo unafifia majina yakiwa bado yanasomwa.

Mimi ni mtu wa Afrika Mashariki, na Vita Kuu ya Kwanza kwetu haikuwa habari ya Ulaya tu. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa wakibeba mizigo ya majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana mahali popote ambapo majina yao yamesomwa. Vijana watano wa Kiingereza hawakuwa wakiwafikiria hao walipokuwa Abbey Road. Lakini kazi kubwa ya sanaa ndivyo inavyofanya: inafika kwa watu ambao haikuwajua. Kila nikiisikia ile sauti ikisoma, huwa siwezi kufanya shughuli nyingine mpaka iishe.

Albamu hiyo haikuingia kwenye chati. Nasema wazi ili asije mtu akadhani naficha.

4. Mwaka wa albamu hiyo umepotoshwa na soko, na bendi ndiyo iliyolipa gharama.

S.F. Sorrow ilitoka Uingereza Desemba 1968. Tommy ya The Who, nayo albamu ya kusimulia hadithi, ilitoka Mei 1969. Marekani, S.F. Sorrow ilichelewa hadi Tommy ikawa imeshatangulia madukani, ikatolewa na Rare Earth, lebo ya roki ya kampuni ya Motown. Kwa msikilizaji wa Chicago au Detroit, basi, The Pretty Things walionekana ndio wafuasi. Aliyetangulia akaitwa mwigaji.

Sitaki kuingia kwenye mabishano ya zamani kuhusu nani alimsikia nani. Tommy ni kazi kubwa, inajitosheleza, na haihitaji kushushwa ili nyingine ipande. Wala sidai kwamba S.F. Sorrow ndiyo albamu ya kwanza kabisa kusimulia hadithi. Wapo waliojaribu kabla. Ninachodai ni kwamba hakuna aliyekuwa ameifikisha hadithi nzima ya maisha ya mtu, kwa uzito huo na kwa bendi kamili ya roki, kabla ya Desemba 1968. Taasisi iliyojitwika kazi ya kuhifadhi historia ya muziki huu haifai kuirithi kalenda ya idara ya mauzo.

5. Mkono wenu umezoea kuchelewa.

Hili nalisema kwa upole lakini sitalipunguza. Mwaka 2024 mliwapa MC5 wa Detroit tuzo ya umahiri wa kimuziki, baada ya kuwaweka kwenye karatasi ya kura mara kadhaa bila kuwaingiza. Mpiga gitaa wao Wayne Kramer alifariki Februari mwaka huohuo. Dennis Thompson, wa mwisho kati yao, alifariki Mei. Sherehe ilifanyika Oktoba, na hapakuwa na hata mmoja wa watano wale wa kuipokea. Mwaka huohuo mliwapa tuzo ya ushawishi Alexis Korner na John Mayall, wazazi wa blues ya Uingereza. Korner alikuwa amefariki tangu 1984. Mayall alizisikia habari za tuzo akiwa hai, akafariki Julai, kabla ya sherehe.

Machi 2019 mliwaingiza The Zombies, nasi tulifurahi sana, kwani nao walikuwa na albamu ya 1968 iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa Abbey Road na kupuuzwa ilipotoka. Siku hiyo Phil May alikuwa bado hai. Alikuwa ameaga jukwaa miezi mitatu tu iliyokuwa imepita, kwa sababu ya afya. Tarehe 15 Mei 2020 alifariki, akiwa na umri wa miaka 75, kufuatia matatizo yaliyotokea baada ya upasuaji wa nyonga. Alikuwa ameanguka na baiskeli. Albamu yao ya mwisho, Bare as Bone, Bright as Blood, ilitoka miezi michache baada ya mazishi. Ni albamu ya magitaa yasiyotumia umeme na sauti ya mzee anayejua kwamba pumzi zake zina hesabu, na nathubutu kuiweka karibu na kazi zao bora.

Kwa hiyo May hamtampata tena. Brian Pendleton, mpiga gitaa wa kikosi cha kwanza, alishatangulia tangu 2001. Dick Taylor alizaliwa Januari 1943. Hesabu iliyobaki mnaweza kuipiga wenyewe.

Najua majibu yanayoweza kutolewa, na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, ni haki nayo yajibiwe wazi.

Mnaweza kusema hawakuuza Marekani. Ni kweli. Katika miaka ya sitini hawakupata kibao cha maana huko, na hata ziara ya Marekani hawakuifanya walipokuwa na nguvu zao zote, wakati wenzao walikuwa wakipokelewa na halaiki ya watu viwanja vya ndege. Lakini kipimo hicho mlishakiacha ninyi wenyewe. The Velvet Underground mliwaingiza 1996, na The Stooges 2010. Bendi zote mbili ziliuza kidogo mno enzi zao. Mlizipima kwa walichokifanya na kwa waliowafuata, na mlifanya vyema. Tunaomba mizani ileile.

Mnaweza kusema bendi ilibadilika mno, watu wakiingia na kutoka, hata haijulikani apewe nani. Fleetwood Mac mliwaingiza 1998, nao walikuwa wamebadilika mara ngapi? Kwa The Pretty Things kazi ni rahisi zaidi. Kikosi cha 1964 na 1965 kinajulikana: Phil May, Dick Taylor, Brian Pendleton, John Stax na Viv Prince. Waliokuja baadaye na kuijenga S.F. Sorrow pamoja na May na Taylor wanajulikana pia: Wally Waller, Jon Povey, Skip Alan na Twink. Majina tisa. Mmeshawahi kuandika orodha ndefu kuliko hiyo.

Pengine atatokea mtu wa kukumbusha vituko. Ziara ya New Zealand ya Agosti 1965 iliandikwa sana na magazeti ya huko, na Viv Prince akaishia kushushwa kwenye ndege. Ukumbi wenye Keith Moon, mpiga ngoma wa The Who aliyejulikana kwa vituko, ndani yake hauwezi kuitumia hoja hiyo, na naamini hamtaitumia.

Na mnaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba nafasi ni chache kila mwaka na wanaongoja ni wengi. Hilo naliheshimu kuliko yote yaliyotangulia. Sijui kazi yenu ni nyepesi kiasi gani mkiwa mezani, na sidhani ni nyepesi. Lakini uhaba wa nafasi unaeleza kwa nini mtu hakuingia mwaka huu au mwaka jana. Hauelezi kwa nini jina halijatajwa hata kwenye orodha ya wanaofikiriwa kwa miaka zaidi ya thelathini. Hapo pana kusahau, na kusahau ni jambo linaloweza kurekebishwa na kikao kimoja.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Jina la The Pretty Things liwekwe kwenye orodha ijayo ya wateuliwa, ili wapiga kura wenu waamue kwa mara ya kwanza, nasi mashabiki tupate pa kupigia kura yetu. Wakishindwa, watakuwa wameshindwa kwa haki.

(b) Iwapo kamati itaona kwamba kura ya jumla haitawafikisha, mnayo tayari njia nyingine: tuzo ya ushawishi wa kimuziki na tuzo ya umahiri wa kimuziki, ambazo hazipiti kwenye karatasi ya wapiga kura. Njia hiyo mliitumia kwa MC5, kwa Korner na kwa Mayall. Itumieni na hapa, ila safari hii mapema, wangali wapo wa kuipokea kwa mikono yao.

(c) Majina tisa niliyoyataja yaingizwe yote. Kumtukuza May na Taylor peke yao kungekuwa kuikosea S.F. Sorrow mara ya pili, kwa kuwa sauti za Waller na Povey ndizo zilizoibeba.

(d) Popote taasisi yenu inapoeleza jinsi albamu za kusimulia hadithi zilivyozaliwa, iwe kwenye maonyesho au kwenye maandishi, S.F. Sorrow iwekwe kwenye mwaka wake wa 1968, kabla ya Tommy, na isemwe kwa nini Wamarekani waliipata kwa kuchelewa.

Hatuombi upendeleo, wala hatuwaombi mumtoe mtu. Hata kama hatimaye mtaamua kwamba hawafai, tunaomba sababu isemwe ili tujue tunapingana na hoja gani. Kimya cha zaidi ya miaka thelathini hakina cha kujibiwa.

Kwa wale wajumbe ambao pengine hawajaisikia kazi hii vizuri, maana najua kila mtu ana mianya yake katika muziki, ombi langu la mwisho ni dogo. Kabla ya kikao kijacho wekeni "Rosalyn," kisha S.F. Sorrow yote kwa mfululizo wake, kisha Bare as Bone, Bright as Blood. Ni kazi ya jioni moja. Kati ya ya kwanza na ya mwisho ipo miaka 56, na mwimbaji ni yuleyule.

Tunasubiri orodha yenu ijayo.

Wenu kwa heshima,

Shabiki wa The Pretty Things,
kwa niaba yangu na ya wengine wengi wanaoisikiliza bendi hii Afrika Mashariki na kwingineko